Huduma ya Alaska Volcano Observatory kwa wapangaji wa safari za anga: nzuri, ila ujue kuusoma ukimya wake

Anayepanga safari za ndege kati ya Asia Mashariki na Amerika Kaskazini anatakiwa kuifungua tovuti ya observatory hii, kituo kinachoangalia volkano za Alaska, kabla hajagusa chati za upepo. Ni bure, haidai nywila, na inaangalia jimbo lenye volkano 54 ambazo zimelipuka au kuchachamaa tangu kumbukumbu zianze kuandikwa. Nyingi zimejipanga kwenye visiwa vya Aleutian, ambako sehemu kubwa haina barabara wala nguzo ya umeme, na visiwa vingi havina mkazi hata mmoja. Mlima wa huko ukilipuka hauchomi nyumba ya mtu. Lakini juu yake ndipo zinapopita ndege za abiria na mizigo, na Anchorage ni miongoni mwa viwanja vyenye mizigo mingi zaidi duniani.

Tutoe hukumu mapema. Kwa kazi ya kueleza mlima unafanya nini, hatujaona huduma ya kuishinda hii. Kwa kazi ya kueleza majivu yako wapi angani saa hii na yatakuwa wapi baada ya saa sita, hiyo si kazi yake, na malalamiko mengi dhidi yake yalipaswa kupelekwa ofisi nyingine. Kasoro yake halisi iko kwingine: volkano za mbali kabisa, zile ambazo mtu angetamani zaidi kuonywa mapema kuzihusu, ndizo zinazopata onyo baada ya tukio kuanza.

Observatory hii ilianzishwa 1988 kwa ushirika wa taasisi tatu: idara ya jiolojia ya serikali kuu ya Marekani (USGS), Chuo Kikuu cha Alaska Fairbanks na idara ya jiolojia ya jimbo. Haikupewa muda wa kujipanga. Tarehe 15 Desemba 1989 ndege ya KLM, safari namba 867, Boeing 747-400 iliyokuwa ikishuka kuelekea Anchorage, iliingia kwenye wingu la majivu la volkano ya Redoubt. Injini zote nne zikazima. Ndege ikaporomoka zaidi ya mita 4,000 kabla marubani hawajafanikiwa kuziwasha tena. Walitua salama, ila hasara ilikadiriwa kuwa dola milioni 80. Mpango wa rangi nne za kueleza hali ya volkano ambao leo unatumika duniani kote ulibuniwa hapo Alaska wakati wa mlipuko huohuo, mwaka 1990.

Kinachoua injini ni rahisi kukieleza. Majivu ya volkano si ya kuni. Ni vipande vidogo vya mwamba na kioo. Kioo hicho hulainika kwenye joto la nyuzi 1,100 hivi, wakati ndani ya injini ya jeti inayovuta kwa nguvu joto hufika kama 1,400. Majivu yanayeyuka kwenye chumba cha mwako, yanasukumwa hadi kwenye mapezi ya kwanza ya tabaini, yanaganda pale na kuziba njia ya hewa. Ndiyo maana rubani akigundua ameingia hupunguza nguvu ya injini badala ya kuiongeza, huzima mfumo unaorekebisha nguvu ya injini wenyewe (autothrottle), kisha hugeuza digrii 180 kurudi alikotoka. Kupanda juu ili kulikimbia wingu ndilo kosa linalovutia zaidi, kwa sababu kupanda kunataka nguvu na nguvu inaleta joto. Rada ya hali ya hewa iliyo kwenye pua ya ndege haimsaidii: imetengenezwa kuona matone ya mvua, na chembe za majivu ni ndogo mno kwake.

Rangi zinasema nini

Kijani maana yake mlima uko katika hali yake ya kawaida. Njano, umeanza kuonyesha dalili, au umetulia baada ya mlipuko na bado unaangaliwa. Rangi ya machungwa ina maana mbili, na hapa ndipo watu wanapojikwaa: ama dalili zimezidi na uwezekano wa mlipuko umepanda, ama mlipuko unaendelea lakini majivu hayapo au ni kidogo. Nyekundu ni mlipuko wenye majivu mengi, unaoendelea au unaotarajiwa wakati wowote.

Rangi ni ya mlima, si ya anga. Great Sitkin ni mfano mzuri. Tangu Julai 2021 umekuwa ukitoa lava polepole ndani ya kreta yake, na kwa muda mrefu umekaa kwenye machungwa huku ndege zikipita bila taabu. Mpangaji anayekwepa kila mlima wa machungwa atachoma mafuta bure. Mfano wa pili ni kinyume chake. Mlipuko wa Novarupta wa 1912 uliacha majivu mengi kwenye bonde lililo karibu na Katmai, na hadi leo upepo mkali wa kaskazini-magharibi huyainua na kuyapeleka upande wa kisiwa cha Kodiak. Wingu ni la kweli, tahadhari ya anga hutolewa, lakini rangi ya mlima hubaki kijani kwa sababu hakuna kilicholipuka. Observatory hueleza hivyo waziwazi kwenye taarifa zake. Anayetazama rangi tu bila kusoma maandishi hatalijua.

Kisha kuna hali ya tano ambayo si rangi: UNASSIGNED, yaani mlima haujapangiwa rangi. Hutumika pale ambapo vifaa havipo, au vimekufa kiasi kwamba wataalamu hawawezi kusema kwa dhamiri safi kuwa mlima umetulia. Cleveland na Bogoslof zimekaa hivyo kwa miaka, na Semisopochnoi imewahi kurudishwa huko baada ya mitambo yake kunyamaza. Kwenye ramani alama yake ni hafifu, jicho linairuka, na programu nyingine za watu wa nje huichora kana kwamba ni kijani. Si kijani. Hiyo kwetu ndiyo sehemu ya uaminifu zaidi katika huduma nzima, na ndiyo sehemu iliyobuniwa vibaya zaidi kwa macho: jambo la kuogofya limepewa sura ya jambo la kawaida.

Jinsi wanavyosikia mlima usio na kifaa

Bogoslof ilikuwa mtihani mgumu kuliko yote. Ni kilele cha mlima mkubwa ulio chini ya Bahari ya Bering; sehemu iliyo juu ya maji ni kisiwa kidogo, makazi ya simba-bahari na ndege wa baharini. Ililipuka kuanzia Desemba 2016 hadi Agosti 2017, milipuko ipatayo 70, na kisiwani hapakuwa na kifaa hata kimoja. Milipuko ya mwanzo kabisa ilikuja kutambuliwa baadaye, kwa kupekua kumbukumbu.

Walitumia masikio manne, kila moja na ugonjwa wake.

La kwanza ni vipima mitetemo vilivyoko visiwa vya jirani, Umnak na Unalaska. Vinatuma data papo hapo, ila kutoka umbali huo mitetemo midogo haifiki, na milipuko mingine ilikuja bila utangulizi wowote wa kueleweka.

La pili ni vipokea infrasaundi, sauti nzito ambayo sikio la binadamu haliisikii. Vipokezi kadhaa hutandazwa umbali wa makumi ya mita kati ya kimoja na kingine. Tofauti ndogo ya muda wa sauti kufika huonyesha imetoka upande gani. Mwendo wa sauti ni kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kwa kituo cha Okmok, volkano ya kisiwa cha Umnak, kilicho umbali wa kilomita 60 hivi, mlipuko husikika baada ya dakika 3. Kwa kituo cha Adak, zaidi ya kilomita 600, ni nusu saa. Nusu saa ni muda ambao jeti imeshakata zaidi ya kilomita 400. Isitoshe, upepo wa stratosfia, tabaka la hewa lililo juu ya mawingu, huamua nani atasikia: majira ya baridi unavuma kuelekea mashariki, hivyo vituo vya mashariki ndivyo vinavyopata sauti safi, kiangazi unageuka. Na upepo wa chini, ambao Aleutian haukauki, hufunika kila kitu kwa kelele. Kilichoharibika hapo si kifaa, ni siku yenyewe.

La tatu ni mitandao ya kunasa radi duniani. Wingu la majivu huchaji umeme na kupiga radi, na taarifa hufika ndani ya dakika chache. Bogoslof, kwa kuwa ililipukia kwenye maji ya bahari, ilitoa mawingu yaliyojaa barafu, na radi ikawa nyingi. Lakini mlipuko mdogo unaweza kupita bila radi hata moja, na ukanda huo una dhoruba zake zisizohusiana na volkano.

La nne ni setilaiti. Za kukaa angani mahali pamoja, kama GOES na Himawari, huleta picha kila dakika 10. Mbinu ya kuyatambua majivu ni kutoa joto linaloonekana kwenye mawimbi ya mikroni 12 kutoka lile la mikroni 11: jibu likiwa hasi, hayo yanaelekea kuwa majivu, likiwa chanya, ni wingu la maji au barafu. Inapendeza darasani. Uwanjani, wingu nene la dakika za mwanzo halipitishi mawimbi yoyote na jibu linakaribia sifuri. Chembe zikivikwa barafu, jibu linageuka chanya na majivu yanajificha mbele ya macho. Mawingu ya Bogoslof mara nyingi yalionekana meupe kama mvuke mtupu. Mpangaji aliyesubiri picha ya rangi ya majivu angesubiri hadi ndege ipite.

Hakuna kati ya hayo manne linalotosha peke yake. Ubora wa huduma hii ni kwamba yanaunganishwa: mashine humwamsha mwanasayansi wa zamu kwa ujumbe wa simu pale ishara zinapokubaliana, naye ndiye anayeamua. Kwa Bogoslof rangi ilipanda na kushuka mara nyingi sana ndani ya miezi hiyo tisa. Wapo wanaokereka na kupandishwa na kushushwa huko. Sisi tunaona ndivyo ilivyostahili kwa mlima unaolipuka kwa dakika chache au saa chache kisha kunyamaza kwa siku.

Msidhani vifaa vikiwepo basi mchezo umekwisha. Pavlof una mtandao wake, lakini ni mlima msiri: tarehe 27 Machi 2016 ulianza kulipuka ghafla na siku hiyohiyo ukawa kwenye nyekundu, na makumi ya safari za ndani ya Alaska zikafutwa. Okmok, Julai 2008, ulitoa dalili za mitetemo kwa muda usiofika saa tano, kisha ukarusha majivu hadi kama kilomita 16. Saa tano zinatosha kubadili njia ya ndege ambayo bado iko Tokyo. Kwa ndege iliyokwisha ruka, inategemea iko wapi.

Kituo kimoja kikifa

Ili kuelewa kwa nini mlima unaweza kukaa UNASSIGNED miezi minane, angalia kituo kilivyo. Kipima mitetemo kimezikwa ardhini. Pembeni kuna kibanda kidogo cha faibaglasi chenye betri, kidhibiti chaji na redio. Juu yake paneli za sola, zimesimamishwa karibu wima ili theluji iteleze na jua la chini la majira ya baridi lipate kuzigusa. Antena inatazama kilima kingine chenye kituo cha kupokezana, nacho kinatazama mji wenye intaneti kama Dutch Harbor, Adak au Cold Bay.

Mnyororo huo ukikatika mahali pamoja, vituo vyote vilivyo nyuma yake vinanyamaza. Barafu huganda kwenye antena hadi inapinda au ishara inapotea. Desemba mchana ni mfupi na mawingu hayaachi, betri zinashuka, kituo kinazima chenyewe na pengine kufufuka chenyewe Machi. Unyevu wa chumvi huingia kwenye viunganishi. Kwenye bara na kisiwa cha Unimak dubu hutafuna nyaya. Magharibi zaidi ya hapo dubu hawapo, lakini umbali unafidia. Matengenezo hufanywa kiangazi, kwa meli inayobeba helikopta ndogo, na ukungu ukikaa wiki nzima timu inakaa melini wiki nzima. Kituo kilichokufa Oktoba kwa kawaida kitamsubiri fundi hadi Juni au Julai. Cleveland, mlima wa mita 1,730 ambao hupasua kuba la lava lililo ndani ya kreta yake kwa milipuko mifupi isiyobisha hodi, ulipata vipima vyake vya kwanza 2014 tu.

Tovuti huonyesha hali hii, lakini kwa nusu. Mistari ya mitetemo ya kila kituo iko wazi kwa yeyote, na mstari ulionyooka kabisa kama rula maana yake kituo hakitumi; mlima uliotulia bado huonyesha kutikisika kidogo kwa upepo na mawimbi. Asiyejua ataona mstari ulionyooka na kufurahi. Kamera nazo ni nzuri siku mbili tatu kwa wiki. Zilizobaki ni ukungu, giza au lenzi iliyoganda. Tarehe na saa ya picha viangaliwe kwanza, kwa sababu picha nzuri ya mlima mweupe inaweza kuwa ya juzi.

Kuitumia inavyopasa

Jiandikishe kwenye huduma ya USGS ya kutuma taarifa za volkano kwa barua pepe, na uchague milima iliyo chini ya njia zako, usichague yote. Ukichagua yote utapokea taarifa za kila siku za milima isiyokuhusu na baada ya mwezi utaacha kuzifungua. Taarifa inayobeba uzito ni VONA, ilani ya observatory kwa ajili ya usafiri wa anga. Ndani yake soma rangi ya sasa na ya awali, kisha urefu wa wingu, kisha maneno yanayosema urefu huo umepatikanaje. Urefu uliotolewa na rubani na ule uliokadiriwa kwa joto la setilaiti havina uzito sawa: wingu jembamba linapitisha joto la chini yake, hivyo setilaiti huliona la moto kuliko lilivyo na kuliweka chini kuliko lilipo. Namba ya kwanza kabisa ichukuliwe kuwa ya chini hadi ithibitishwe.

Baada ya VONA, achana na observatory. Nenda kwenye taarifa ya majivu (VAA) ya VAAC Anchorage, mojawapo ya vituo tisa duniani vinavyotoa ushauri kuhusu majivu ya volkano angani. Humo mipaka ya wingu imeandikwa kwa nukta za latitudo na longitudo, tabaka kwa tabaka, ilivyoonekana na itakavyokuwa baada ya saa 6, 12 na 18. Mstari wa NXT ADVISORY unakuambia lini itatoka nyingine. Kisha tafuta SIGMET, tahadhari rasmi ya hali hatari angani, kwa sababu hiyo ndiyo waongoza ndege wanayoifanyia kazi. Mipaka ya nyaraka hizi mbili ikitofautiana, angalia muda wa kutolewa. Mara nyingi moja ni ya zamani.

Kuhusu saa: observatory huandika saa za Alaska na UTC (saa ya pamoja ya dunia) kwa pamoja. Alaska iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 12 majira ya baridi na 11 kiangazi. Ukichanganya na desturi yetu ya kuita saa nane mchana ile ambayo kwenye fomu ni 1400, makosa yanajipika yenyewe. Zamu nzima ifanye kazi kwa UTC, hata kwenye maongezi ya simu.

Kwa msomaji wa Nairobi, Dar es Salaam au Maskat, swali la haki ni kwa nini ahangaike na Alaska. Nyaraka ni zilezile. Majivu ya Afrika yako chini ya VAAC Toulouse, Ufaransa, na hutumia muundo uleule wa VAA. Tofauti ni kilicho nyuma ya nyaraka. Nabro ya Eritrea ilipolipuka Juni 2011 haikuwa na kifaa mlimani, na safari za ukanda mzima zikavurugika. Hayli Gubbi ya Ethiopia, 23 Novemba 2025, ilipeleka majivu yake juu ya Bahari ya Shamu, Yemen na Oman hadi India. Goma kuna observatory, ila kazi yake kubwa ni lava na gesi ya Nyiragongo na Nyamulagira kwa ajili ya mji ulio chini yake. Januari 2002 lava ilifunika sehemu ya barabara ya kurukia ya uwanja wa ndege wa Goma. Ol Doinyo Lengai, uliotoa majivu kuanzia 2007, hauko mbali na njia za ndege za Kilimanjaro na Arusha. Kwa milima hii ukimya wa taarifa usichukuliwe kuwa kijani. Uchukuliwe kama UNASSIGNED, hata kama hakuna aliyeandika neno hilo.

Huduma hii pia inakula kutoka kwa wanaoitumia. Milipuko mingi ya milima isiyo na vifaa huthibitishwa na rubani aliyechungulia dirishani. Fomu ya ripoti ya volkano ina sehemu mbili. Ya kwanza hutolewa kwa redio papo hapo: mahali ulipo, saa, kimo, mlima au wingu liko upande gani na umbali gani, linafika juu kiasi gani na linaelekea wapi. Ya pili hujazwa ukishatua, nayo huuliza wingi wa majivu, rangi yake, harufu ya salfa, mwanga wa umeme kwenye kioo cha mbele, na hali ya injini. Ikabidhiwe ofisi ya hali ya hewa ya uwanja siku hiyohiyo, hata kama ulichoona kilikuwa wingu jeupe tu lililosimama wima mahali ambapo hapakupaswa kuwa na wingu.